Mahindi Hunywa Maji Kiasi Gani?

Katika nchi yetu ya mlimani hakuna jambo ligombanishalo majirani upesi kama zamu ya maji. Sisi watu wa Kilimanjaro twanywesha mashamba kwa mifereji iliyochimbwa na wazee wetu zamani sana, na kila mfereji una wazee wake wanaogawa siku. Aliye juu hufungulia maji yakapita shambani mwake usiku kucha. Aliye chini huamka akakuta mfereji mkavu. Ukimwuliza wa juu kwa nini amechukua mengi hivyo, hujibu kwamba mahindi yana kiu. Basi nikataka kujua: kiu hiyo ni kiasi gani, na ni nani aliyepata kuipima?

Wako waliopima. Huko Akron, katika jimbo kavu la Colorado, Marekani, Lyman Briggs na Homer Shantz waliianza kazi hiyo kabla ya vita vya 1914. Walipanda mimea katika makopo makubwa ya udongo, wakayaziba juu hata maji yasipate njia ya kutokea ila kwa mmea wenyewe, wakawa wakiyapima kwa mizani. Wakati wa mavuno waliukausha mmea, wakaupima nao. Wakaona kwamba mtama, ili ufanye kilo moja ya mmea mkavu, hutumia maji kilo 300 na zaidi; mahindi huuzidi kidogo, ngano hufika kama 500, na majani ya malisho yaitwayo alfalfa hupita 800.

Maji hayo yote huenda wapi? Yanayobaki ndani ya mmea ni machache mno. Mengine yote hupanda hewani kuwa mvuke, yakitokea katika vitundu vidogo vya majani visivyoonekana kwa macho. Wala mmea hauwezi kuvifunga siku nzima, maana kwa vitundu hivyo hivyo huingiza hewa ya kujitengenezea chakula. Ukivifunga, huacha kukua.

Lakini aliyenifumbua macho hasa ni Howard Penman, mtaalamu wa fizikia wa kituo cha Rothamsted, Uingereza. Mwaka 1948 alieleza jinsi ya kuhesabu maji yanayopanda kutoka maji ya wazi, udongo mtupu na uwanja wa majani. Yeye hakuanza na mmea, alianza na jua. Maji hayageuki mvuke pasipo joto, na joto hilo latoka katika jua. Kisha upepo na ukavu wa hewa huuchukua mvuke. Kwa hiyo, shamba likiwa limefunikwa na majani mabichi na lina maji ya kutosha, hali ya hewa ndiyo iamuayo zaidi kiasi kitakachotumika. Mwaka 1965 John Monteith aliongeza katika hesabu hiyo kazi ya vile vitundu, na tangu 1998 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeifanya kuwa kipimo cha kufuatwa.

Nilijaribu jambo hili pamoja na wanafunzi wangu. Tulipanda hindi katika debe, tukafunika udongo kwa nailoni, tukalipima kila asubuhi kwa mizani ya kahawa. Siku ya jua kali debe lilipungua karibu kilo nzima. Siku ya ukungu, hata nusu yake halikufika. Watoto walistaajabu kuliko mimi, wakawa wanagombania zamu ya kusoma mizani.

Sasa tuje shambani. Siku kavu yenye jua, mahindi yaliyofunika shamba huweza kutumia milimita 5 hivi. Kwa ekari moja hiyo ni lita 20,000, yaani madebe 1,000 na zaidi, tena kwa siku moja! Kiu ya mahindi basi si uongo. Ila ina mpaka: maji yazidiyo kile ambacho udongo waweza kushika huzama chini ya mizizi, yakichukua rutuba. Huenda yakatokea tena chemchemini huko bondeni, lakini hayatokei katika mfereji wa jirani siku ya zamu yake.

Nilimpelekea mzee wa mfereji wetu hesabu hizi. Akasikiliza hata mwisho, akasema, “Mwalimu, jua langu na la jirani ni moja, lakini udongo si mmoja. Kwangu ni mchanga.” Alisema kweli. Mchanga hushika maji machache, kwa hiyo wataka maji kidogo kidogo na mara nyingi, ambapo mfinyanzi hungoja. Nikamwambia nami kwamba mahindi machanga, yasiyofunika ardhi bado, hutumia labda theluthi tu ya yale makubwa, nayo hupewa usiku kucha sawasawa. Akanyamaza kidogo, akauliza kama debe letu lingalipo. Amelichukua, na msimu huu wazee wamekubali zamu ya mahindi machanga iwe nusu usiku.