Mkia Juu

Mjukuu wangu, kijana wa chuo aliyekuja Kabazi kunijulia hali, aliitazama picha iliyotundikwa ukutani, ile ambamo marehemu kaka yangu amesimama kando ya Peugeot 504 ndefu, mkono mmoja juu ya paa na wa pili kiunoni, mithili ya gavana aliyekwenda kufungua daraja, kisha akaniuliza kwa adabu yote aliyofunzwa na mama yake: "Guka, hii gari ilikuwa imeharibika springi za mbele?" Nikamjibu kwamba haikuharibika kitu. Akauliza tena, sasa kwa wasiwasi kidogo, mbona basi nyuma iko juu na pua yaelekea chini. Hapo nilitambua kwamba jambo ambalo zamani zetu mtoto wa darasa la pili alilijua bila ya kufundishwa, leo lataka kuelezwa kuanzia alifu, na kwamba sisi tuliobaki wa kulieleza tu akali.

Gari lile liliundwa kwa ajili ya mzigo, si kwa ajili ya kutazamwa. Peugeot fupi, ya watu watano, aghalabu ilikuwa na magurudumu ya nyuma yaliyojitegemea, kila moja likipanda na kushuka peke yake. Lakini ile ndefu, ambayo kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.90, ilitiwa nyuma ekseli moja nzima na springi nne, mbili kila upande, ili ikishashiba abiria na magunia ikae sawasawa na ardhi. Kwa hiyo ilipokuwa tupu haikuwa na budi kuinua mkia. Sisi wavulana, tukiketi ukingoni mwa barabara ya Subukia, tuliweza kulisoma gari kabla halijatufikia: mkia juu, halina kitu, mkia juu lakini turubai limefura juu ya paa, ni pareto, maua makavu yenye kiwiliwili kikubwa na uzito haba, mkia sawa, abiria wametimia, mkia chini na taa za mbele zamulika vilele vya miti, ni mahindi, magunia ya kilo 90, na hapana faida ya kumpungia dereva mkono kwa kuwa hasimami.

Kaka alilinunua mwaka 1974, likiwa limekwisha kutumika na mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyoamini siku zote. Dada yangu, ambaye hapendi kushindwa katika mambo ya tarehe, ashikilia kwamba ni 1976, na hoja yake ni kuwa juma lile gari lilipoletwa nyumbani redio ilikuwa ikimtangaza Joginder Singh kuwa mshindi wa mashindano ya magari ya Safari. Hoja hiyo ingekuwa madhubuti lau si kwamba Joginder alishinda 1974 kwa Mitsubishi Lancer, akashinda tena 1976 kwa Lancer, licha ya ushindi wake wa 1965 kwa Volvo. Nimeitafuta kadi ya gari. Panya wameila pembe yenye mwaka. Basi na uwe wowote kati ya hiyo miwili. Lililo yakini ni kwamba Jumamosi ya kwanza kaka aliniamuru nipande, twende Nakuru kwa Mistri.

Mistri alikuwa Kalasinga mzee, mwenye kilemba cha rangi ya samawati na ndevu alizozifunga kwa wavu zisinaswe na mashine. Banda lake lilikuwa kando ya reli, na harufu yake ilikupokea kabla hujafika mlangoni: mpira uliopikwa pamoja na kibiriti, kwa kuwa alikuwa akichoma viraka na kuyavika upya matairi yaliyokwisha kuwa vipara, solusheni ya pancha, ambayo wavulana wake waliinusa kuliko walivyoipaka, grisi ya kale iliyougeuza udongo wa sakafu kuwa mweusi na mgumu kuliko saruji, na juu ya yote hayo chai ya maziwa iliyotiwa iliki na tangawizi, iliyokuwa ikichemka mchana kutwa juu ya jiko la makaa, karibu mno na petroli kwa kiasi ambacho hakuna mkaguzi wa leo angekistahimili. Magarimoshi ya mvuke yalikuwa hayajatoweka, na yakipita yaliongeza moshi wa mafuta mazito. Nguo zangu zilinuka hivyo siku tatu, na mama alijua nilikokwenda bila ya kuuliza.

Hakupenda kuulizwa bei. Alipenda kuuliza yeye, na maswali yake yalikuwa yale yale kwa kila mteja, awe mkulima au karani wa serikali: "Wewe nakaa wapi? Barabara gani? Beba nini?" Akishajibiwa aliliweka gari mahali palipo sawa, akavuka barabara, akachutama upande wa pili na kulitazama ubavuni kwa muda ambao wenye haraka waliuona kuwa dharau. Kisha alirudi na chaki na futi ya mbao, akapima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa gadi, akaandika juu ya rangi ya gari bila ya kuomba ruhusa. Baada ya hapo wavulana wake walileta mifuko ya mchanga ambayo yeye mwenyewe aliipima na kuishona, wakaipanga nyuma mmoja mmoja, naye akipima tena kila mfuko uingiapo, mpaka gari likafika uzito ambao mwenye gari amekiri kuubeba, na mifuko miwili zaidi kwa ajili ya uzito ambao hakuukiri.

Kaka alikuwa amekuja na azma yake tayari. Alitaka tairi za 195 nyuma na 175 mbele, kwani alikwisha kuona gari la mzungu mmoja wa Solai lililovikwa hivyo, nyuma pana, mbele nyembamba, nalo lilimkaa moyoni. Mistri alimsikiliza hadi mwisho. Akamwuliza tairi la akiba litakuwa la ukubwa gani. Kaka akanyamaza. Kwani gari lina akiba moja, na pancha haichagui. Ukiwa na saizi mbili, huna budi kubeba akiba mbili, nawe umekwisha kuuza nafasi ya gunia. Akaendelea kumweleza, huku akimwaga chai katika kisahani, kwamba tairi pana ni zuri juu ya lami kavu, lakini katika matope ya Kabazi mwezi wa nne lapanda juu ya utelezi na kuelea, ilhali jembamba hukata tope hadi likapata ardhi ngumu chini; kwamba 195 ikishabebeshwa magunia itajikwaruza kwenye gadi; na kwamba kila unapolikuza gurudumu unaifanya gia kuwa nzito zaidi, mlima wa Subukia wazidi kuwa mrefu na saa ya mwendo yakudanganya. Wala usidhani, alisema, kwamba tairi litakuinulia gari. Tairi la 175 la inchi 14 lina kimo cha karibu milimita 635, na la 185 lina kama 650. Tofauti yake ikigawanywa juu na chini ya ekseli, gari limepanda milimita 8 hivi, upana wa ukucha. Anayeinua ni springi, na springi za Peugeot zimekwisha kupimwa na watu wenye akili kuliko mimi na wewe.

Hakuwa na lugha ya kubembeleza. Alimvika 185 zote nne, zile za nyuzi nyingi za kubebea mzigo, na ya tano akiba, akaagiza upepo wa nyuma uwe mwingi kuliko wa mbele, springi hakuzigusa. Kaka alinuna mpaka Bahati.

Hapa insafu yanidai niseme jambo ambalo sikumwambia mjukuu. Mkia ule wa pichani si wote wa kiwandani. Mwaka 1975 Ove Andersson alikuwa amelishinda Safari kwa 504, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akalishinda kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6, na katika miaka ile kila kijana wa Nakuru aliyeshika usukani wa Peugeot, hata kama injini yake haikufika nguvu za farasi 100, aliliona gari lake kuwa nasaba moja na yale yaliyopita wakati wa Pasaka yakitimua vumbi, yamesimama juu ya miguu mirefu. Kaka alikwenda kwa fundi mwingine, akatiwa vipande vya raba baina ya pete za springi, gari likapanda nyuma vidole viwili zaidi. Usiku likawa lamulika matairi yake lenyewe. Mistri alipoliona hakusema neno. Alipiga magoti mbele, akaziinua taa kwa bisibisi, akadai shilingi mbili.

Kwa hiyo kibri tulikuwa nacho sisi pia. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake magari ya Kimarekani ya miaka ile, Pontiac GTO na wenzake, yameinuliwa nyuma kwa shokabsoba za upepo ili tairi pana zipate nafasi chini ya gadi, akadhani ananionyesha kitu kigeni. Wamarekani walikuwa na udhuru: injini ya V8 yenye nguvu zile huyazungusha bure matairi membamba, ndipo mpira ukaongezwa nyuma, na mpira ulipoongezwa ikabidi mkia upande. Lakini udhuru ule ni wa lami. Mwaka 1964 Ford ya Marekani ilileta Mercury Comet sita katika Safari, zenye injini kubwa na mafundi wengi, zikamaliza mbili tu, nyuma sana, ilhali mshindi wa mwaka ule alikuwa Peter Hughes kwa Ford Cortina, gari dogo la Kiingereza. Mistri alizikumbuka Comet hizo na kuzitaja kila alipoletewa hoja ya tairi pana. Alikuwa hasemi mengi juu yake. Alitaja idadi, sita, kisha mbili, akanywa chai.

Yaliyofuata hayana mengi. Zikaja Nissan za abiria zilizolala sawa zikiwa tupu au zimejaa, kisha magari yaliyokwisha kutumika Ujapani, yaliyofika kila moja na saizi yake ya tairi ambayo hapana aliyeichagua. Pareto ikafa mikononi mwa wakulima waliokuwa hawalipwi. Mistri akahamia Uingereza kwa wanawe. Mahali pa banda sasa pana ghorofa la maduka ya simu. Kiwanda cha matairi cha Nairobi, kilichoanza na matairi ya jina la Firestone na kumalizia na ya jina la Yana, kiliacha kutengeneza matairi 2016, na tangu hapo twavaa tuletewacho. Nakuru imekuwa jiji. Na katika jiji hilo vijana wanakata springi kwa msumeno, gari likae chini kiasi cha kukwaruza kila tuta la barabarani, kisha wanalipinda gurudumu lisimame upande, tairi jipya lilike ukingo mmoja kabla ya Krismasi. Ukiwauliza sababu, wanakwambia ni mkao.

Walio na akili ni madereva wa Probox, watu wanaotukanwa na kila mtu. Hao ndio waliobaki kuinua mkia kwa sababu ya mzigo, nao huweka raba na springi nzito na tairi za nyuzi nyingi bila ya kumwomba mtu picha. Ila gari lao lina kasoro moja ambayo Mistri angeiona kutoka upande wa pili wa barabara: lasukumwa na magurudumu ya mbele. Peugeot ukiipakia nyuma uliyaongezea nguvu yale magurudumu yaliyokuwa yakifanya kazi. Probox ukiipakia nyuma wayapunguzia. Ndiyo maana mvua ya masika ikishanyesha, katika vilima vya huku ndani visivyo na lami, utaona pua imekuwa nyepesi, matairi ya mbele yazunguka pale pale, na dereva anawaomba abiria wawili walionenepa washuke wakakae juu ya boneti. Hushuka, wakakaa, gari likapanda, wala nauli hapunguziwi mtu.