Kabila halimo tena kwenye fomu

Fomu ya kwanza niliyopewa nilipoanza kazi ya ushauri nasaha ilimtaka mtu ataje mkoa wa asili, teritware, sekta, kikundi na kijiji, ndipo ifike kwenye shida iliyomleta. Karatasi nyingi za serikali kwetu Kongo huuliza hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Ila watu walijibu kwa sauti ya ofisini, na sauti hiyo ikabaki hata tulipofika kwenye usingizi uliopotea na mume asiyesema.

Mimi ni mzaliwa wa Koni, Katanga. Mgeni akipasikia, ni kwa sababu ya umeme. Maji ya mto Lufira hutoka ziwa Tshangalele, yakashuka Mwadingusha, kwenye kituo kilichoanza kazi mwaka 1930, halafu yakafika kwetu kuzungusha mashine tatu zilizowashwa mwaka 1950. Kampuni ya madini ya Union Minière ilijenga vituo vyote viwili kwa ajili ya viwanda vyake vya shaba, enzi mji wa Likasi ukiitwa Jadotville. Watu wa kuvijenga na kuviendesha walitoka pande nyingi. Baba yangu, fundi wa mashine, ni Msanga wa papa hapa. Mama ni binti wa Kasai aliyezaliwa Likasi, mtaa wa Kikula. Basi andika hapo kijiji changu cha asili.

Agosti na Septemba 1992 swali hilo liliacha kuwa la karatasi. Ugomvi wa wanasiasa wa Kinshasa na wa Katanga ulishuka hadi mitaani, na waliokuwa na asili ya Kasai wakafukuzwa nyumbani mwao Likasi, hata waliozaliwa hapo na wazazi wao pia. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Makumi ya maelfu walijazana kwenye stesheni na mashuleni wakingoja treni ya kwenda Kasai, wengine kwa miezi, na wapo waliofia hapo hapo au njiani. Wajomba zangu walipanda. Mama alibaki, na baba akahamisha kiti chake kutoka sebuleni hadi barazani, akawa analala hapo. Baada ya hapo jambo hilo halikutajwa tena mezani petu.

Nilipokwenda kusoma nilikuta kwamba saikolojia yenyewe ilikuja Katanga na karatasi mkononi. Miaka ya 1950 Union Minière ilikuwa na kituo chake cha saikolojia huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na kazi kubwa ilikuwa kupima: nani anafaa mashine, nani anafaa koleo. Mfaransa André Ombredane alitengeneza picha maalumu za kuwaonyesha Wakongo ili asome mawazo yao. Wakati huo huo nyanya, mama wa mama yangu, alikuwa akienda kwenye foyer, kituo cha wanawake cha kampuni, kufundishwa kushona, kuosha mtoto, na kumpokea mume atokapo kazini. Sidharau yote. Nyanya alishona vizuri mpaka uzee. Lakini sioni kwamba kuna aliyemuuliza anaota nini.

Ushauri wa aina ile ya foyer ulisimama juu ya mshahara. Wazee walikuwa wakisema kazi njo baba, njo mama, na kweli kampuni ilitoa posho, nyumba, shule, dawa. Mwaka 2003, Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikiwa na madeni ya mishahara ya miezi mingi, ilianza kuwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Mpango uliitwa wa hiari. Wanaume wakapokea fedha mara moja, zikaisha, na wake zao wakawa ndio wanaolisha nyumba kwa makala, samaki na shamba. Hapo umwambie mama ampokee mume atokapo kazini, kazi gani?

Walimu wangu wa kweli, basi, walikuwa watu wawili niliowasoma tu. Frantz Fanon, akiwa daktari wa wagonjwa wa akili Blida, Algeria, kuanzia 1953, aliona mikutano na sherehe za mtindo wa Kifaransa zikiwafaa wanawake wa Kizungu huku wanaume Waislamu wakikaa kimya. Akawafungulia mkahawa wa kikwao, akaleta na msimulizi wa hadithi. Thomas Lambo wa Nigeria, huko Aro, Abeokuta, aliwapanga wagonjwa vijijini karibu na hospitali, kila mmoja na ndugu yake. Wote wawili walikiangalia kwanza chumba walichomwekea mgonjwa.

Karibu na kwetu zaidi kuna kazi ya utafiti ya Kivu, iliyochapishwa mwaka 2013 katika jarida kubwa la tiba la Marekani. Wanawake waliobakwa vitani walikaa kwa vikundi, wakiongozwa na wanawake wa huko huko ambao shule yao haikufika mbali. Mazoezi yalibadilishwa ili asiyejua kuandika ayashike kwa kichwa. Waliokaa kikundini walipata nafuu kubwa kuliko waliosaidiwa mmoja mmoja kwa njia ya kawaida. Niliisoma mara nyingi, nikiifikiria ile fomu yetu.

Aliyenisukuma kuiacha ni mama mmoja mzee, nisiyeweza kusema zaidi juu yake. Kila safari alikuja na maumivu ya kichwa. Zahanati ilimpa vidonge. Siku moja fomu ziliisha, nikamsikiliza bila karatasi.

“Mama, shikamoo. Kichwa kikoje?”

“Mwanangu, haina kichwa. Ni ile treni.”

Akaeleza mpaka jua likageuka. Mume alikuwa wa hapa, mke wa Kasai, watoto wawili waliondoka na shangazi yao. Mume naye alikuwa ameketi nje chini ya mwembe miaka yote hiyo, kila mmoja akidhani mwenzake hataki kusikia.

Siku hizi asili siulizi. Mwenye kutaka kuitaja huitaja mwenyewe. Nauliza nani analala nyumbani, nani analeta unga, nani anaogopwa. Wanandoa nawasikiliza kwanza kila mmoja peke yake, kwani mke aliyekulia chini ya sheria ya familia ya 1987, iliyomtaka apate ruhusa ya mume kwa shughuli za kisheria, haanzi kusema ovyo mbele yake kwa sababu tu ruhusa hiyo iliondolewa 2016. Wakiniletea mtoto anayeitwa mchawi, nawakumbusha sheria ya Januari 2009 inayomlinda, kisha nauliza ni nani aliyefiwa au kupoteza kazi humo ndani. Karibu kila mara yupo. Wenzangu wengine husema hii ni siasa, siyo tiba. Waje wakae barazani siku nzima.

Nanyi mnaosomea kazi hii Lubumbashi, kabla hamjachapa fomu zenu, ulizeni kila mstari unamsaidia nani. Usiomsaidia aliyeketi mbele yenu, ufuteni.