Kwaresma, na Barua ya Neema

Jumapili, 9 Machi

Leo Chakula cha Bwana. Mchungaji mpya ndiye aliyeshika kikombe. Mkono hautetemeki, sauti inafika mpaka kwa waliosimama mlangoni. Bibi hakwenda mbele. Kakaa palepale, kitenge mabegani, anaangalia dirisha. Nikamnong'oneza, "Mama, twende." Akasema goti. Goti hilohilo lilipanda ngazi za kanisa bila fimbo, na baada ya ibada likasimama mnadani kugombea mkungu wa ndizi mpaka akaupata kwa elfu kumi na mbili. Goti!

Baba Neema alikwenda, akapiga magoti, akapokea. Njiani anamsifu Mchungaji: mahubiri yamepangika, hana porojo. Neema nyuma yetu kimya. Namjua huyo mtoto. Alikuwa anapiga hesabu zake.

Jumanne, 11 Machi

Kasema. Mezani, chakula hakijaisha. "Baba, nataka kuomba chuo, Makumira. Theolojia."

Baba Neema kakata nyama. Akaikata tena. Akaikata tena, mpaka ikawa vipande vya kumlisha mtoto wa mwaka mmoja, na hakula hata kimoja.

"Na ualimu?"

"Ualimu sitaki, Baba."

"Nani atakuoa?"

Basi. Katoka kwenda kuangalia ng'ombe, ambao nilishawafungia saa nyingi. Juzi tu alikuwa anasifu! Kumbe mchungaji wa kike ni mzuri akiwa binti wa mwenzako.

Sikusema neno. Vyombo nimeviosha kwa kelele.

Alhamisi, 13 Machi

Kaka kapiga simu. Nikamweleza, akacheka. "Ninyi Walutheri si mlimaliza mambo hayo mwaka 1990?" Ni kweli, mkutano mkuu wa KKKT uliamua mwaka ule kwamba wanawake wabarikiwe uchungaji. Umeamua mkutano mkuu. Meza yangu haikuwepo kwenye mkutano.

Akanitupia 1 Timotheo 2. Nikamtupia Warumi 16, Fibi wa Kenkrea, anayetajwa kabla ya wote. Halafu nikamgeukia: na ninyi Wasabato je? Mmelelewa na maandishi ya Ellen White, nyumba gani ya Msabato haina kitabu chake? Kisha mkutano wenu mkuu, San Antonio, 2015, mnaulizwa tu kama kila divisheni ijiamulie kuhusu kuwawekea wanawake mikono: 1,381 wakakataa, 977 wakakubali.

"Yule alikuwa na karama ya unabii," akasema. "Karama si cheo."

Nilipokata simu neno hilo likabaki. Karama si cheo. Sawa. Karama tumeachiwa bila ugomvi: kukesha na mgonjwa, kufundisha watoto Baba Yetu, kuombea aliyepotelea mjini. Hakuna mkutano uliowahi kuitishwa kuamua nani aamke saa tisa usiku mtoto akiwa na homa. Cheo ndicho kinachopigiwa kura.

Ningemwambia hivyo. Maneno mazuri huja simu ikishakatika.

Jumamosi, 15 Machi

Jumuiya ilikuwa kwetu. Alfajiri, matope, viatu vimejaa barazani. Kiongozi wa jumuiya: "Kichwa cha nyumba atufungulie kwa sala." Macho yote kwa Baba Neema. Macho ya Baba Neema kwangu.

Humu ndani sala ya jioni naiongoza mimi tangu Neema ananyonya. Yeye hukaa, huitikia Amina, na Amina yake ni ya kweli, simbezi. Leo kasimama. Kaomba kwa kusitasita: mvua, wagonjwa, "na mama wa nyumba hii". Nilipenda. Kwa nini nisiseme? Nilipenda kumsikia kuliko ninavyopenda kuongoza.

Somo Waefeso 5. Kiongozi akaanzia mstari wa 22, kama kawaida yetu. Mchungaji, kwa upole tu: "Tuanzie 21, ule wa kunyenyekeana." Tukarudi nyuma. Nikafuata kwa kidole. Wake wana mistari mitatu, 22 mpaka 24. Waume wanaanza 25 na karibu wanaimaliza sura. Miaka yote ya mafundisho ya ndoa nasikia ile mitatu! Mama mjane wa kule chini akauliza, "Hao waume wa mstari wa 25 wanapatikana wapi, nikaolewe tena?" Sebule nzima ikacheka. Hata kiongozi.

Halafu Bibi. Kaenda kabatini mwenyewe, katoa kikombe chake chenye maua, kile asichoruhusu mtu kukigusa, akammiminia Mchungaji chai. Nikasema moyoni, haya, yameisha.

Jumapili, 16 Machi

Hayajaisha. Goti bado linauma. Chai ni chai, meza ya Bwana ni meza ya Bwana.

Jioni nikamwuliza wazi. "Mama, unamkatalia nini?"

"Simkatalii. Nilibatizwa na mwanamume, kipaimara mwanamume, hata babu yenu alizikwa na mwanamume. Niacheni nizoee taratibu." Akanyamaza, akamenya ndizi nyingine. "Kwa Neema nitapokea. Mkono wake naujua."

Makubwa haya. Mwanawe anampokea mgeni na anamkataa binti yake. Yeye anamkataa mgeni na anampokea mjukuu. Mimi niko katikati, nimeshika sufuria.

Jumatano, 19 Machi

Usiku wa manane Baba Neema hajalala. Kaanza mwenyewe, gizani. Si Timotheo, si Waefeso. "Watampanga usharika wa mbali. Msiba usiku, apande pikipiki ya mtu asiyemjua. Na akihamishwa, mumewe atamfuata?" Kisha, polepole: "Na nyumbani kwake nani ataongoza sala?"

"Atakayeamka kwanza," nikasema.

Nilidhani atacheka. "Mimi sikuwahi kuamka kwanza," akasema. Tukalala hivyohivyo. Nilitaka kumshika mkono na nilitaka kumwambia ndiyo, hukuwahi. Sikufanya lolote.

Asubuhi fomu ya Neema ya kuomba Makumira iko palepale juu ya redio, sehemu ya mzazi tupu. Hajasema atasaini. Hajasema hatasaini. Barua ya usharika ya kumpendekeza inajadiliwa Jumamosi kwenye baraza la wazee, na mimi ni mzee wa kanisa kama wao. Nikiinua mkono, nauinua mbele ya watu walewale waliosikia kichwa cha nyumba kikiomba sebuleni kwangu. Watasema Mama Neema kampita mumewe.

Nitauinua. Ila Bwana, asaini kabla ya Jumamosi. Sitaki kushinda bila yeye.