Maneno ya Kwenye Chupa na Amri ya Nane



Wapendwa Taifa la Mungu, tumezoea kuitumia amri ya nane kuwapima wanadamu: nani kamsingizia jirani, nani kashuhudia uongo barazani. Ni nadra kuitumia kuyapima maneno yaliyochapwa kwenye bidhaa. Leo nawaalika tuyatazame maneno matatu ya namna hiyo: "rafiki wa matumbawe". Huandikwa kwenye mafuta ya kujikinga na jua, ambayo watu hujipaka kabla ya kuingia baharini.

Je, ni kweli? Jibu la haki ni kwamba yana ukweli kiasi, lakini yamevishwa joho kubwa kuliko kimo chake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kemikali iitwayo oksibenzoni hudhuru matumbawe machanga. Mwaka 2018 jimbo la Hawaii, nchini Marekani, lilitunga sheria ya kuzuia mafuta yenye kemikali hiyo, au yenye oktinoksati, yasiuzwe bila cheti cha daktari. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Tangu hapo chupa nyingi zimejiita rafiki kwa sababu moja tu: hazina viungo hivyo viwili.

Lakini sheria za Marekani hazikuyapa maneno hayo maana rasmi. Kila kiwanda hujiamulia. Palau, taifa la visiwa katika Bahari ya Pasifiki, lilipiga marufuku viungo 10 kuanzia Januari 2020, kikiwemo oktokrileni. Basi chupa yenye oktokrileni, iliyotimiza sheria ile ya Hawaii, mgeni angeweza kunyang'anywa aliposhuka Palau. Rafiki gani huyu, anayegeuka adui kwa kuvuka bahari?

Wengine hukimbilia mafuta ya madini. Hata hayo, maabara zimeonyesha kuwa chembe ndogo mno za oksidi ya zinki zaweza kuyaumiza matumbawe. Mwaka 2022 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani ziliitaka mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ifanye tathmini ya viungo vyote vya kuzuia miali ya jua.

Tena liko jambo ambalo chupa hainyanyui mdomo kulisema. Adui mkuu wa matumbawe ni joto la bahari. Mwaka 1998 joto hilo liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi katika pwani yetu ya Kenya na Tanzania, na Aprili 2024 wanasayansi walithibitisha tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote. Chupa inayotuliza dhamiri ya mnunuzi yaweza kumsahaulisha moshi wa ndege iliyomleta ufukweni.

Hapa nawasihi sana wazazi wenye watoto wenye ualbino: habari hizi zisiwafanye mwache kuwapaka watoto mafuta. Saratani ya ngozi inawaua ndugu zetu hawa wakiwa bado vijana. Kwao mafuta haya ni dawa, si pambo. Mafuta ya Kilisun yalibuniwa Moshi kwa ajili yao hasa. Kuutunza uumbaji hakuwezi kuanza kwa kumtelekeza mtoto.

Sisi wengine tunaweza kuanza na nguo. Shati la mikono mirefu, kofia pana, na kivuli saa za mchana, vyote hupunguza mafuta yanayoingia majini. Kwenye chupa, tusome orodha ya viungo iliyo nyuma kabla ya kusadiki sifa zilizo mbele.

Nasi tujiulize wiki hii. Kila mbatizwa amebeba jina kubwa kuliko lile la chupa: Mkristo. Majirani hawana haja ya kulisoma kifuani petu. Wao hutazama kilichomo ndani, na Bwana naye ndicho atakachotuuliza.



Paroko wenu