Buti za bro

Najua nimepotea, UE zilinibana kinoma. Nimemaliza juzi na sitaki hata kuona kimbweta. Akili yote iko Moshi sasa. Likizo hii napanda tena mlima kama mgumu, maana boom lenyewe mnalijua, lilishakata kitambo.

Basi jana nikavuta buti chini ya kitanda. Ni za bro, alinirithisha goti lilipomlazimisha kuacha kazi ya mlima. Tangu likizo iliyopita nilikuwa nimezifunga kwenye mfuko wa plastiki, eti nazitunza! Ngozi bado safi kabisa. Ila soli ya kulia imefungua domo, na nilipobonyeza ile sponji ya kati kwa kidole, ikamung'unyika kama keki ya juzi. Nilichoka.

Nikazipeleka kwa mzee mmoja fundi viatu. Nikamwambia, shikamoo mzee, naomba unipigie gundi tu. Akachokonoa na kisu, unga ukamwagika. "Mwanangu, gundi itashika nini hapa?"

Kumbe ile sponji ni poliyurethani. Unyevu wa hewani unaivunja taratibu, hata kama kiatu hukivai, na joto linaharakisha. Sasa fikiria joto la Dar, buti zina jasho la mlimani, halafu ndani ya plastiki. Yaani nilikuwa nazipika mwenyewe.

Wazo la kwanza likawa mtumba, pale soko la Memorial nikifika Moshi. Lakini buti la mtumba nalo limeshalala miaka mingapi kwenye kabati la mtu huko Ulaya? Nje linang'aa, ndani huenda sponji imefika hapo hapo ilipofika ya kwangu. Mpya dukani? Tusidanganyane. Tena hizi zimeshajua mguu wangu. Mnaoteremka mlima mnajua buti lisilokukaa linavyofanya vidole.

Halafu nikamkumbuka mwenzetu mmoja, soli ilimbanduka tukiwa Barafu, mita 4,600 na ushee. Akaifunga kwa kamba ya hema, akashuka hivyo hivyo hadi Mweka na mzigo wa kilo 20 kichwani. Jioni ile mguu ulivimba hadi hakuweza kuvaa ndala. Siku hizo tukamcheka, sisi wajinga.

Kwa hiyo nimekubaliana na mzee. Anakwangua sponji yote, anaweka mpira mtupu badala yake, soli mpya yenye meno, gundi halafu anashona kuzunguka. Shilingi 30,000, nusu nimeshatoa. Ameniambia ukweli: zitakuwa nzito, na penye matundu ya sindano maji yatapenya. Msitu wa Machame na matope yake, nitalowa. Kulowa nakuweza, soksi ninazo. Kubaki peku kule juu ndiyo siwezi.

Ila simwamini hadi nizijaribu. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20, mzigo wa mgumu kamili. Nitalibeba kila asubuhi kupanda na kushuka kilima cha hapa chuo, wiki nzima. Zikifumuka, bora zifumukie hapa, ingawa hela ya mtumba itakuwa imeshaliwa.

Bro bado sijamwambia kuhusu ule mfuko. Mwenye dumu lisilovuja aniazime basi.