Kanda la Usufi

Adhuhuri, Kariakoo haina nafasi ya kuitazama mbingu. Ndege iendayo kutua Uwanja wa Julius Nyerere hupita juu ya mapaa, mngurumo wake ukamezwa na honi na kelele za wauza mitumba, wala hapana ainuaye uso. Hamali khasa ndiye hawezi: gunia limemlalia shingoni, macho yako chini, kinywa chaomba njia.

Mwaka 1914 mambo yalikuwa mengine. Rubani wa Kijerumani, Bruno Büchner, aliileta Dar es Salaam ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jengine. Ilikusudiwa kuwa kivutio cha maonyesho makubwa ya mwezi wa Agosti, koloni lilipotaka kujisifu kwa reli yake iliyofika Kigoma mwezi wa Februari. Kabla ya maonyesho kufunguliwa, Ulaya ikawaka moto. Jeshi likaichukua ndege, na kilicholetwa kiwe tamasha kikageuka chombo cha vita. Hakikudumu.

Waingereza nao walikuja na ndege zao. Mwaka 1916 Kikosi cha 26 kilikuwa Mbuyuni, karibu na Taveta, kikiruka kuwatafuta askari wa Lettow-Vorbeck vichakani. Lakini ndege hailishwi upepo. Yataka petroli, na jeshi lililo chini yake lataka unga na risasi. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe; mvua zikazigeuza njia kuwa matope. Palipokwama gari na alipokufa mnyama, akatwikwa binadamu. Wapagazi waliotumika upande wa Waingereza wakakaribia milioni moja, na waliokufa, kwa maradhi na njaa zaidi kuliko risasi, wakakisiwa kuwa zaidi ya 95,000.

Dar es Salaam ilitwaliwa Septemba 4, 1916. Penye jumba walilolijenga Wajerumani mkesha wa vita, Waingereza wakaweka kambi ya wapagazi, Carrier Corps. Hapo lugha ikafanya kazi yake. Ile mashine iliitwa eropleni. Baadaye Kiswahili kikaiazima jina la kiumbe mwenye mbawa, na neno la kigeni likaanza kuchakaa. Ila jina la kikosi kile halikufasiriwa. Lilitafunwa tu, likalainika ulimini, likawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo walivyouona wenye daftari. Askari wa Kizungu aliyekufa alipewa kaburi na jina juu yake. Mpagazi aghalabu hakupewa kimojawapo, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, yawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini aliyechongwa ni mwenye bunduki. Mnamo Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Miaka zaidi ya mia moja ilikuwa imepita, na asiyeandikwa siku ya kufa ni vigumu kumwandika leo.

Miezi mitatu baada ya radhi hiyo, Julai 2021, soko la Kariakoo liliungua, lile jumba la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975. Moto haukuligusa jina. Kondakta aliendelea kuliita mlangoni mwa daladala, na mama aliyetoka Buguruni kutafuta kanga akalijibu. Wanalitamka maelfu kwa maelfu kila siku, wengi wao bila kujua kwamba wanawaita watu.

Na ndege nyengine yapita. Hamali haitazami. Apiga kelele: mzigo, mzigo! Watu wanampisha, kisha njia inajifunga nyuma yake.