Chozi wa Amani

Miaka ya 1980, kule Amani, Usambara Mashariki, kitabu cha ndege hukikuti nyumbani kwa mtu. Ndege tulimjua kwa mwenendo wake. Mtu akisema chozi, basi ameshauona ule mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, umezama kwenye ua la mgomba.

Chozi yupi sasa? Hapo ndipo alipotakiwa mzee mmoja aliyezeekea kazi ya msitu. "Kijana, achana na rangi," aliniambia. "Rangi ya chozi ni ya jua." Kweli kabisa. Mng'ao ule hutokana na umbo la unyoya lenyewe linavyorudisha mwanga, si rangi iliyomo ndani, kwa hiyo dume akiingia kivulini unamwona mweusi tu. Mzee aliuliza mengine: yuko juu au chini? Anakula nini? Anaimbaje?

Wa rangi ya zeituni, dume na jike karibu sare, alishinda chini vichakani, wimbo wake ukishuka ngazi kwa ngazi. Migomba aliifanya yake. Mdogo wa kijani mwenye tumbo la njano aliokota zaidi wadudu majanini. Yule mwenye tumbo jeupe, aliyepewa jina la Amani na ambaye Sclater na Moreau walimwandika kisayansi mwaka 1935, alikaa vileleni, na kumtafuta kulikuwa kuumiza shingo bure. Wenzake wako Udzungwa, na pia Arabuko-Sokoke kule Kenya.

Lakini aliyetuweka roho juu ni wa tumbo la njano, aliyejenga kwenye kamba ya nguo nyuma ya jiko. Jike alichomoa utando wa buibui kwenye upenu, akauzungusha kambani, akashikiza majani makavu na nyuzi za nyasi, akaacha mlango ubavuni na juu yake kipaa kidogo cha kuzuia mvua. Chini aliachia vitakataka vining'inie. Usiyejua ungedhani ni uchafu ulioletwa na upepo. Dume alimfuata huku na huko akipiga kelele, hana alichobeba. Makinda yalipototolewa ndipo naye akaanza kuleta viwavi na buibui. Shuka zetu zilikuwa zimeshahamia kwenye ua wa miti.

Kitabu nilikipata baadaye sana. Dume amechorwa anameremeta, jike kabanwa pembeni, na nyumba kaijenga yeye!